KOMPYUTA KUUKUU YATAKA MTUNZAJI



Nimeomba nafasi katika gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya kompyuta kuukuu za mezani zilizomo katika shule za Ngara na Biharamulo. Watu wengi hudhani ya kuwa mashine hizi zimekwisha kazi, na ya kuwa dawa yake ni moja tu, yaani kungoja mpya. Mimi sikubaliani nao. Nasadiki ya kwamba kompyuta nyingi hazifi kwa uzee, bali hufa kwa kukosa mtunzaji. Tena nasadiki ya kwamba mtunzaji huyo aweza kuwa mwanafunzi, kama atafundishwa mambo mawili: kuandika amri za kompyuta katika faili, na kuweka masasisho kwa utaratibu.

Kompyuta za shule hutoka mahali pengi. Nyingine hutolewa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006. Nyingine ni zawadi za wafadhili, na aghalabu zilikwisha tumika miaka mingi kwingine kabla ya kutufikia. Zikifika, sisi wanafunzi hufundishwa kuwasha, kuandika barua, kuchora jedwali, na kuzima. Hayo ni mema. Lakini mtu ajuaye kuendesha baiskeli tu, asijue kuziba pancha, siku ya pancha atatembea kwa miguu.

Kwa wazazi ambao hawajapata kuketi mbele ya kompyuta, nitaeleza amri hizo ni nini. Mama akiondoka asubuhi kwenda shamba humwachia mtoto maagizo: teka maji, kisha osha vyombo, kisha injika maharage, na moto ukizimika uuwashe tena. Mtoto mtiifu hufuata kwa mpango ule ule. Kompyuta nayo huweza kuachiwa maagizo namna hiyo. Mtu huandika amri moja moja, kila moja katika mstari wake, akaziweka katika faili ambalo jina lake huishia kwa nukta na herufi BAT. Faili hilo huitwa faili la bachi. Ukilibonyeza, kompyuta husoma mstari wa kwanza ikautenda, kisha wa pili, hata mwisho. Haichoki wala haisahau.

Ufundi huu si mgeni. Ulikuwako katika MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, na amri ya COPY iliyotumika wakati ule bado yatumika katika Windows za leo. Mashine zimebadilika mara nyingi, lakini aliyejifunza amri ile zamani hajapoteza kitu. Ndiyo maana nasema tujifunze. Kompyuta huchakaa, bali maarifa ya namna hii hudumu na mtu.

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mchezo wa vijana. Katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, alama za mtihani wa muhula za kidato kizima ziliwekwa katika kompyuta moja ya ofisini. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski ikafa. Nakala haikuwapo. Walimu walilazimika kukusanya karatasi upya kutoka kwa wanafunzi, na wale waliokuwa wamekwisha zitupa karatasi zao wakafanya mtihani mara ya pili. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari. Na alama za mtoto ni mali, maana mzazi ameuza kahawa ama maharage ili mtoto akae darasani.

Kinga ya hasara kama ile ni mistari 5 tu. Naiandika hapa ili kila mtu aone kuwa si uganga:

@ECHO OFF
REM Kunakili alama kila Ijumaa jioni
IF NOT EXIST E:\NAKALA MD E:\NAKALA
ROBOCOPY D:\ALAMA E:\NAKALA /E /R:2 /W:5 /LOG+:D:\DAFTARI.TXT
PAUSE

Mstari wa kwanza waiambia kompyuta isitangaze kila amri inayoitenda. Wa pili ni maelezo ya binadamu, kompyuta huuruka. Wa tatu wasema kwamba ikiwa katika flashi hamna folda iitwayo NAKALA, basi ifanywe. Hapa nimechukulia kuwa flashi imepewa herufi E. Kama ni nyingine, ibadilishwe. Wa nne ndio wenye kazi yenyewe: hunakili alama zote pamoja na folda zilizomo ndani, na kuandika habari zote katika daftari. Zile herufi R na W zina maana kubwa. Usipoziandika, ROBOCOPY ikikuta faili lisilonakilika hujaribu tena mara milioni 1, na kila mara hungoja sekunde 30. Mwalimu angestaafu kabla haijamaliza! Kwa hiyo twaiambia ijaribu mara 2, ingoje sekunde 5, kisha iendelee. Mstari wa mwisho hulizuia dirisha lisifunge.

Yafaa flashi ziwe mbili, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Kwa nini? Kwa sababu faili likiharibika katika kompyuta, siku ya kunakili lile bovu litalifunika lile zima. Flashi ya wiki iliyopita ndiyo itakayotuokoa.

Nimetaja flashi, na flashi yenyewe ina hatari yake. Wakulima wa Kagera wanaujua mnyauko wa migomba, ulioingia mkoani mwetu mwaka 2006. Bwana shamba hutuambia ya kwamba panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima, kwa hiyo lipitishwe motoni ama lisafishwe kwa dawa kabla ya kugusa shina jingine. Flashi ni panga hilo hilo. Yatoka steshenari ambako watu wengi wameichomeka, yaja ofisini, kesho i katika chumba cha kompyuta. Sote tumeona ugonjwa ule unaoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu. Amri ya ATTRIB huweza kuyafunua mafaili yaliyofichwa, nasi twaweza kuiweka katika faili la bachi. Lakini kuyafunua mafaili si kuua virusi. Lazima flashi ipimwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Basi na iwepo kompyuta moja mlangoni, isiyounganishwa na nyingine, ambayo kila flashi ngeni itapitia.

Nije kwenye masasisho. Sasisho ni marekebisho yatolewayo na watengenezaji wa programu, hasa kuziba nyufa ambazo wezi na waharibifu huingilia. Watu wengi huyachukia kwa kuwa hula bando, huchukua muda mrefu, na tena huja saa ambayo mtu ana haraka. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, yaani siku 59 baadaye, virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa huo, vikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150, na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko Uingereza baadhi ya hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwa tayari imetolewa. Walioumia sana ni wale ambao hawakuinywa.

Yako maneno ya haki kutoka kwa walimu wetu, ya kwamba shule haina fedha ya bando. Tufanye hesabu. Tuseme sasisho moja lina megabaiti 500, na shule ina kompyuta 12. Kila moja ikijipakulia yenyewe, jumla ni megabaiti 6,000. Lakini sasisho likipakuliwa mara moja tu kutoka katika orodha ya Microsoft, na kuwekwa katika flashi safi, ni megabaiti 500 zile zile kwa mashine zote za namna moja. Mwalimu aliyekwenda Ngara mjini ama Biharamulo mjini kwa shughuli ya shule aweza kulipakua huko. Kisha faili la bachi lenye amri ya WUSA huliweka sasisho katika kila kompyuta bila mtu kukaa akibonyeza vitufe. Lazima tu sasisho lifanane na aina ya Windows iliyomo, na kazi ifanywe kwa ruhusa ya msimamizi. Tena ifanywe siku ambayo umeme umetulia, maana mashine ikizimika katikati ya sasisho huweza isiwake tena.

Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza. Windows 7 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Windows 11 yataka vipuri ambavyo kompyuta nyingi kuukuu hazina. Je, tuzitupe? Hasha. Kompyuta isiyopata dawa mpya iondolewe katika mtandao, lakini isiondolewe darasani. Mwanafunzi aweza kujifunzia hapo kuandika, kupiga hesabu za jedwali, na kutunga amri, bila intaneti. Na zile zenye nguvu kidogo zaidi ziwekewe Linux, ambayo haiuzwi, na ambayo masasisho yake yaendelea kutoka. Huko nako amri huandikwa katika mafaili. Maneno ni tofauti lakini fikira ni ile ile.

Wako wasemao: wanafunzi wakipewa amri wataharibu. Hofu hiyo ina msingi. ROBOCOPY ikiandikiwa neno MIR hufuta upande wa nakala kila kitu kisichokuwapo upande wa asili. Mtu akigeuza pande hizo mbili, kazi ya mwaka yaweza kutoweka kwa dakika moja. Lakini kisu nacho hukata, na hatukuwakataza watoto kumenya ndizi, tuliwafundisha kukishika. Mwanafunzi aanze katika folda ya majaribio yenye mafaili yasiyo na thamani. Aongeze herufi L katika amri yake, ambayo huonyesha kitakachotendeka bila kukitenda. Mwalimu asome faili kabla halijaletwa ofisini, na neno la siri la msimamizi libaki kwa mwalimu peke yake. Alama nazo zisifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Yeye aandike amri, na mwalimu aibonyeze.

Na maelezo yale ya REM yaandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyosema nasi kwa Kiswahili. Walionyesha kuwa lugha yetu yatosha kwa mambo ya kompyuta. Kidato cha Nne huondoka kila mwaka, na wenye ujuzi huondoka nao. Faili lililoelezwa kwa Kiswahili safi litasomwa na mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza atakayelirithi.

Kwa hiyo naleta maombi manne kwa uongozi wa shule, kwa heshima:

1. Chama cha kompyuta kipewe saa moja kila wiki ya kujifunza amri na kutunza mashine, chini ya mwalimu.

2. Kila kompyuta iwe na ukurasa wake katika daftari: aina ya Windows, siku ya sasisho la mwisho, na ugonjwa uliopata kuipata.

3. Shule inunue flashi mbili za nakala, zikae katika kabati la mkuu wa shule, wala zisitumike kwa kazi nyingine yoyote.

4. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe siku ya masasisho.

Wazazi wetu, haya hayahitaji mchango mkubwa. Flashi mbili na daftari moja ni gharama ndogo sana kuliko kompyuta moja mpya. Kinachohitajika zaidi ni imani, yaani kukubali ya kwamba kijana aliyelelewa kupalilia migomba na kupogoa majani makavu bila kusukumwa aweza pia kuitunza mashine. Kompyuta mpya zikija, tutazipokea kwa furaha. Lakini zikifika mahali pasipo na mtunzaji, miaka michache baadaye nazo zitaitwa kuukuu, nasi tutakuwa tukingoja nyingine.

Wasomaji, mwasemaje? Nangoja majibu yenu katika toleo la muhula ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano