Aiskrimu ya Brooklyn Iliyoyeyushwa na Ukubwa

Wako watu wanaoshikilia kwamba biashara isiyokua ni biashara inayokufa. Neno hili limesemwa sana hata limekuwa kama sheria, na anayelipinga huonekana mvivu au mwoga. Leo, ndugu msomaji, nataka kulipinga, na shahidi wangu ni kampuni ya aiskrimu ya mjini New York iitwayo Ample Hills, ambayo ilipendwa mno kisha ikaanguka ingali inapendwa.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2011 na mtu na mkewe, Brian Smith na Jackie Cuscuna. Bwana alikuwa akiandika michezo ya filamu za madubwana ya kutisha. Bibi alikuwa mwalimu. Walifungua duka moja katika mtaa wa Prospect Heights, Brooklyn, wakalipa jina lililotoka katika shairi la Walt Whitman, malenga wa Marekani aliyeusifu mji huo. Aiskrimu yote waliyokuwa nayo ilikwisha kwa siku nne tu, ikawabidi wafunge mlango wakatengeneze nyingine!

Siri yao ilikuwa nini? Wauzaji wengi wa aiskrimu hununua maziwa yaliyokwisha kuchanganywa kiwandani, wakatia ladha na kugandisha. Hawa walipika mchanganyiko wao wenyewe mle mle dukani, wakichemsha maziwa, krimu, sukari na mayai kwa moto wa kipimo, kidogo kidogo, sufuria baada ya sufuria. Biskuti na keki za kutia ndani walizioka wenyewe, na majina ya ladha zao yalikuwa ya mzaha na ya kuchekesha. Watoto walikuja kutazama, wazazi wakaja kula. Basi kilichouzwa pale hakikuwa utamu peke yake, bali pia kule kumwona mpishi akipika.

Sifa zikaenea. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Disney, akawa mmoja wa wapenzi wa aiskrimu hiyo, na mwaka 2015 wakatengeneza ladha za kuandamana na filamu ya Star Wars. Mwaka uliofuata walikuwa na duka ndani ya eneo la Disney huko Florida. Wawekezaji wakaleta mamilioni ya dola, na maduka yakazidi kufunguliwa, hata nje ya New York.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2018 walifungua kiwanda kikubwa huko Red Hook, karibu na bandari, chenye futi za mraba 15,000. Kiwanda kilichelewa, kikagharimu kupita makisio, na kilipokamilika kilihitaji wanunuzi wengi kuliko waliokuwapo ili kijilipe. Machi 2020 kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba hifadhi dhidi ya wadai wake. Mwaka huo huo iliuzwa kwa Schmitt Industries ya Oregon, kampuni iliyozoea kutengeneza vyombo vya kupimia vya viwandani, kwa kiasi cha dola milioni moja. Hebu fikiri: jasho la miaka tisa, na mamilioni ya watu wengine juu yake, kwa bei hiyo! Mwishoni mwa mwaka 2022 maduka yakafungwa. Mwaka 2023 waanzilishi walirejea wakafungua tena, lakini kwa fedha za wawekezaji wengine, na ushirika huo nao haukudumu.

Wengine watasema ni ugonjwa wa korona ulioiua. La hasha. Maradhi yale yalifunga mji wa New York mwezi ule ule wa Machi, lakini deni lilikwisha kuwapo na kiwanda kilikwisha kujengwa. Korona ilimkuta mgonjwa kitandani.

Wengine watanijibu kwamba duka moja lisingewatosha, kwa kuwa baridi ya New York ni kali, wateja wa aiskrimu hupungua, na kodi ya nyumba haijui kipupwe wala kiangazi. Hoja hiyo ina uzito, wala sisemi mtu abaki na duka moja hadi kufa kwake. Ninalosema ni kwamba yapo makuzi ya namna mbili. Ipo biashara inayokua kwa faida yake, ikafungua mlango wa pili kwa sababu wa kwanza umekwisha kuulipia. Na ipo inayokua kwa fedha za watu, ambayo hailali usingizi, kwani mwenye fedha anataka zirudi na nyongeza. Ya kwanza ikikosea hurudi nyuma hatua moja. Ya pili ikikosea haina pa kurudi.

Tena, si kila kitu kizuri huvumilia kutengenezwa kwa wingi. Mpishi wa halwa wa hapa kwetu analijua hili bila kulisoma kitabuni: sufuria ina kipimo chake na mkono wa kukoroga una kipimo chake. Aiskrimu ya kiwandani hujazwa hewa nyingi, ndiyo maana huwa rahisi. Aiskrimu nzito ya mkono hula maziwa, hula saa, na lazima iwe ghali. Ukitaka kuuza ya namna hiyo kila mahali, ama utaishusha ubora au utalipa hasara.

Kwa hiyo nawaomba vijana wetu wenye ufundi wa mikono, wapishi, waokaji na washonaji, wasione haya kubaki wadogo. Anapokuja mwenye fedha akiwaambia mna kipaji cha kulisha nchi nzima, wamwulize kwanza: kazi ikiwa nzito nani atabeba hasara, na jina la duka litabaki la nani? Wasiondoke mezani kabla ya kujibiwa, tena kwa maandishi. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Heri ashuke kwa miguu yake mwenyewe, ngazi ikiwa bado imesimama.