Kamera ya baiskeli ni shahidi, wala si ngao

Mnyonge hana haki, walisema wahenga wetu, na ni nadra kupata mahali ambapo usemi huo hudhihirika kama katika barabara za nchi hii. Gari linapomgonga mwendesha baiskeli, dereva hubaki na pumzi za kujieleza, abiria wa kumtetea na simu ya kumwita wakili. Aliyegongwa aghalabu huwa amelala mtaroni, asijue hata rangi ya gari lililomwangusha. Dereva akitoroka, kesi hufa kabla haijazaliwa. Asipotoroka, husema kuwa baiskeli ndiyo iliyomwingilia njiani, na neno lake husimama peke yake.

Hii ndiyo sababu ya waendesha baiskeli wengi, miongoni mwao walimu wanaokwenda kazini na wanafunzi wanaorejea nyumbani magharibi, kuulizia zile kamera ndogo zinazofungwa kwenye usukani au kofia. Zamani zilikuwa vyombo vya wanariadha na wapiga mbizi. Siku hizi zipo za bei nafuu, nazo zimejaa madukani na katika masoko ya intaneti. Je, chombo hicho kina maana kwa mtu wa mshahara mdogo, au ni pambo tu? Na akiamua kukinunua, akichague vipi na akitumie vipi?

Tuanze na hali ilivyo. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi zinaonyesha kuwa katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha yao katika barabara za Kenya. Wanaotembea kwa miguu ndio wanaoongoza katika orodha hiyo ya huzuni, na waendesha baiskeli nao wamo. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilishwa mwaka wa 2012, ilitengewa njia za baiskeli na za miguu, lakini sehemu nyingi za njia hizo zimegeuzwa vibanda vya biashara na vituo vya bodaboda. Barabara ya juu ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka wa 2022 hairuhusu baiskeli kabisa. Mwendesha baiskeli huachiwa ukingo wa lami, na huo nao huugombania na matatu.

Kamera zenyewe zina historia fupi. Mwaka wa 2004 Mmarekani Nick Woodman, mwasisi wa kampuni ya GoPro, alianza kuuza kamera ya kufungwa kifundoni mwa mkono iliyotumia filamu ya milimita 35. Baadaye zikaja za kidijitali, kisha viwanda vya Uchina vikatengeneza zinazofanana nazo kwa sehemu ndogo tu ya bei. Majina kama SJCAM na Akaso yakawafikia watu ambao wasingeweza kamwe kuinunua GoPro. Hapo ndipo kamera ilipoacha kuwa chombo cha starehe na kuanza kuwa chombo cha haki.

Uingereza imetangulia katika jambo hili. Mwaka wa 2016 polisi wa West Midlands waliwatuma askari waliovaa nguo za kiraia waendeshe baiskeli barabarani, na madereva waliowapita kwa karibu mno wakasimamishwa, wengine wakafunzwa na wengine wakashtakiwa. Polisi wa huko hupokea pia picha za video kutoka kwa waendesha baiskeli wa kawaida. Mnamo Januari 2022 kanuni za barabara za nchi hiyo zikarekebishwa kuwaelekeza madereva waache angalau mita 1.5 wanapoipita baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa. Mtangazaji maarufu Jeremy Vine alinasa kwa kamera zake dereva aliyemtishia jijini London mwaka wa 2016, na mwaka uliofuata dereva huyo akafungwa gerezani. Ni dhahiri kuwa kamera haikufanya kazi peke yake katika visa hivyo. Nyuma yake kulikuwa na polisi walio tayari kuitazama picha na mahakama iliyo tayari kuipokea.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Mnunuzi wa kwanza hudanganywa na namba zilizoandikwa kwenye kasha. Kasha hujigamba kuwa kamera hupiga picha za 4K, yaani zenye pikseli 3,840 kwa 2,160, ambazo jumla yake ni karibu milioni 8.3. Lakini kamera nyingi za bei ya chini zina kihisi kisichoweza kunasa kiasi hicho. Hunasa pikseli chache, kisha programu ikaivuta picha mpaka ikatimia ukubwa uliotangazwa. Ni sawa na kuongeza maji katika mchuzi: sufuria hujaa, ladha haiongezeki. Kamera inayopiga kwa uaminifu picha za pikseli 1,920 kwa 1,080, ambazo ni kama milioni 2.1, ni bora kuliko ile ya 4K ya uongo. Afadhali mnunuzi aombe kuiona video iliyopigwa na kamera hiyo hiyo, aisimamishe, kisha ajaribu kuisoma namba ya gari linalopita. Namba isiposomeka, vyote ving'aavyo si dhahabu.

Jambo la pili ni idadi ya fremu katika sekunde moja, na hapa mwalimu wa hisabati atapata mfano mzuri wa darasani. Chukulia gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa likiipita baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa. Tofauti ya mwendo wao ni kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Kamera ikipiga fremu 30 kwa sekunde, gari husogea sentimita 50 mbele ya baiskeli kati ya fremu moja na nyingine. Ikipiga fremu 60, husogea sentimita 25 tu. Mchana, fremu 60 huongeza nafasi ya kupata walau picha moja safi ya namba. Usiku mambo hugeuka, kwani kila fremu hupata muda mfupi zaidi wa kukusanya mwanga. Wakati huo fremu 30 zafaa zaidi, ingawa hata hizo katika kamera rahisi hutoa picha yenye ukungu. Anayesafiri hasa usiku asitarajie miujiza.

Tatu, kuna upana wa lenzi. Nyingi ya kamera hizi huona eneo pana sana, hata nyuzi 170. Faida yake ni kwamba hakuna linalotokea pembeni likapotea. Hasara yake haitajwi dukani: lenzi pana huvionyesha vitu kana kwamba viko mbali kuliko vilivyo. Lori lililokupita kwa nusu mita laweza kuonekana katika video kama lililokuachia nafasi ya kutosha. Kama kamera inakuruhusu kupunguza upana huo, uchague ule wa wastani.

Nne ni mtikisiko. Barabara zetu si za marumaru. Kamera isiyo na uwezo wa kutuliza picha, ikifungwa kwenye usukani juu ya changarawe, hutoa video ya kumtia mtu kizunguzungu. Utulizaji wa kielektroniki husaidia, ijapokuwa hukata kingo za picha. Palipokosekana, mtu aweza kuweka kipande cha mpira wa tairi kuukuu kati ya usukani na kishikio, au kuifunga kamera kifuani kwa mikanda, kwa kuwa mwili wa mwanadamu hupunguza mishtuko. Kofia huifanya kamera itazame kila unakotazama, jambo lenye manufaa mtu akikutisha ubavuni. Usukani huitazamisha mbele tu, na kumbuka kwamba magari mengi hutujia kwa nyuma. Mwenye kamera moja anayesafiri katika barabara kuu angefikiria kuifunga chini ya kiti ikitazama nyuma.

Betri nayo ni mtihani. Katika kamera za bei nafuu, betri moja hudumu kwa saa moja au saa moja na nusu, nayo huzidi kudhoofika kadiri miezi ipitavyo. Anayesafiri mwendo mrefu anunue betri ya pili tangu mwanzo, wala asiiache kamera juani, maana joto huzifurisha betri hizi. Kasha la kuzuia maji hufaa wakati wa masika, lakini huziba sauti. Siku za kiangazi litoe, kwa sababu sauti ya breki na maneno ya dereva huweza kuwa na uzito sawa na picha.

Baada ya kununua, kazi huanza. La kwanza ni kurekebisha tarehe na saa. Kamera nyingi rahisi husahau saa betri inapokwisha, zikarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Video inayodai kupigwa miaka kadhaa kabla ya ajali humpa wakili wa upande wa pili kicheko cha bure. La pili ni kadi ya kumbukumbu. Video ya megabiti 15 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 6.75 kwa saa, kwa hivyo kadi ya gigabaiti 32 huhifadhi zaidi ya saa nne. Kadi bandia ni nyingi sokoni: hutangaza ukubwa isiokuwa nao, kisha huharibu kila kinachozidi ukubwa wake wa kweli. Ijaribu kwa kuijaza yote na kuitazama upya kabla ya kuitegemea.

La tatu, washa utaratibu wa kurekodi kwa mzunguko, ambapo kamera hugawa video katika vipande vya dakika 3 au 5, na kadi ikijaa hufuta kipande kikongwe zaidi. Lakini utaratibu huo huo waweza kukupokonya ushahidi. Likitokea jambo, zima kamera, toa kadi, tengeneza nakala, wala usikate wala kupamba video ya asili. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 80, katika kifungu cha 106B, hudai cheti kinachoeleza jinsi rekodi ya kielektroniki ilivyopatikana na chombo kilichoitoa. Mwenye kuhifadhi kadi yake na kamera yake kama zilivyokuwa hujirahisishia kazi hiyo. Mwenye kuichezea video kwa programu ya simu hujichimbia shimo.

Liko jambo jingine ambalo walimu hawana budi kulizingatia. Haki ya faragha imo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010, na Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka wa 2019. Kuihifadhi video ili kujitetea ni jambo moja. Kuzitandaza intanetini nyuso za wapita njia ni jambo jingine kabisa. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Chama cha baiskeli cha shule kinachotaka kurekodi safari za wanafunzi kipate kwanza idhini hiyo, na kiamue mapema ni nani atakayezitunza video na ni lini zitafutwa.

Wapo wanaodai kuwa kamera humfanya dereva aogope, na hivyo huokoa maisha. Dai hilo lina chembe ya ukweli, lakini tusilikuze. Dereva anayekuja kwa kasi nyuma yako haioni kamera ndogo kama kiberiti. Anachoweza kukiona ni taa nyekundu, kiakisi mwanga na nguo ya rangi inayong'aa. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye fedha kidogo na anunue kwanza taa, kofia ngumu na breki nzima. Kamera ije baadaye. Kinga ni bora kuliko tiba, na kamera si kinga wala tiba. Ni shahidi anayesimulia yaliyokwisha kutokea.

Hata hivyo, ushahidi huo una thamani kubwa pale ambapo neno la mwenye gari limezoea kulishinda la mwenye baiskeli. Njia ya mwongo ni fupi, na picha iliyo wazi huifupisha zaidi. Ila shahidi asiyekuwa na wa kumsikiliza ni sawa na bubu. Idara ya polisi ingefanya vyema kuweka utaratibu mmoja, unaojulikana katika kila kituo, wa kupokea video za barabarani, kumpa mleta video stakabadhi na kumjulisha hatua zilizochukuliwa. Hilo halihitaji mkopo wa mabilioni. Lahitaji tarakilishi, afisa aliyefunzwa na nia njema.

Serikali za kaunti nazo zina deni lililo kubwa kuliko hilo. Raia anapolazimika kununua shahidi wake mwenyewe ili avuke salama kutoka nyumbani hadi shuleni, barabara imekwisha kushindwa kazi yake. Njia za baiskeli zilizonyakuliwa zirudishwe, na barabara mpya zisijengwe pasipo njia hizo. Hadi siku hiyo, anayeweza kuipata kamera ya kweli, hata iwe rahisi, na aifunge vizuri, aiweke saa yake sawasawa, kisha aendeshe kwa hadhari kana kwamba hana kamera hata moja.