Ghala la Programu: Shule za Ufipa Zichague kwa Kigezo Gani?

Shule inapopata kompyuta zake za kwanza, mjadala aghalabu huwa juu ya mashine zenyewe: kasi yake, kumbukumbu yake na bei yake. Swali lenye uzito zaidi kwa miaka inayofuata husahauliwa: programu zitatoka katika ghala gani, na ufunguo wa ghala hilo umeshikwa na nani? Kwa shule inayotumia Linux, mfumo endeshi ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuunakili, hilo ndilo swali la kuchagua kisimamizi cha vifurushi.

Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake, na maelezo hayo hutaja programu nyingine inazozitegemea. Ugali haupikiki pasipo unga, maji na moto. Vivyo hivyo programu ya kuchora grafu haifanyi kazi pasipo vipande vingine vilivyo chini yake. Kisimamizi husoma orodha ya mahitaji, huleta vinavyopungua, huhakiki sahihi ya kidijitali ili kujua kwamba hakuna kilichochezewa njiani, kisha huandika kila kitu katika daftari lake.

Yako makundi mawili makubwa. Debian, toleo lililoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutumia dpkg na APT. Ubuntu, lililotoka mwaka 2004, limerithi zana hizo. Red Hat na jamaa zake hutumia RPM na DNF. Kwa kazi za kila siku, tofauti baina ya makundi haya ni ndogo kuliko mashabiki wanavyodai. Hatuna budi, basi, kuchagua kwa kutazama mazingira yetu.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari kijijini, katika nyanda za juu za Ufipa, yenye kompyuta 20 na modemu moja ya simu. Iwapo masahihisho ya mwezi yana megabaiti 300, na kila kompyuta ikayavuta yenyewe, shule italipia megabaiti 6,000. Kompyuta moja ikiyavuta na kuzigawia nyingine, shule italipia 300 tu. APT na DNF zote huweza kusoma ghala lililonakiliwa namna hiyo. Ghala la Debian huweza hata kunakiliwa katika diski mjini Sumbawanga, likasafiri kwa basi hadi kijijini, na sahihi zake zikahakikiwa huko huko pasipo intaneti.

Msomaji huenda akauliza: je, Snap, mtindo mpya zaidi, si bora? Huleta programu mpya mapema na huzitenga ili zisidhuriane. Lakini kila kifurushi chake hubeba sehemu kubwa ya mahitaji yake, hivyo huwa kizito, na ghala lake ni moja, chini ya kampuni ya Canonical. Faida zake ni za kweli kwa mwenye intaneti ya kudumu.

Suala la ufunguo si dogo. Desemba 2020 Red Hat ilitangaza kwamba CentOS Linux 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi 2029, ingekoma mwishoni mwa 2021. RPM haikuwa na kosa. Mwenye ghala ndiye aliyebadili nia, na watumiaji wakalazimika kuhama. Debian, kwa upande wake, huongozwa na wanachama wa kujitolea, kwa katiba na kwa kura.

Taifa letu lina somo lake la zamani. Mwaka 1974, mwaka ule ule ulioundwa Mkoa wa Rukwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hasara iliyotokana na mfumo wa hesabu wa Wizara ya Fedha. Amri hiyo ililegezwa baadaye, lakini funzo limebaki: chombo kisicho na wajuzi wa kukitunza ni mzigo.

Rai yangu ni kwamba shule za Ufipa zichague Debian na APT, tena zichague kwa pamoja, ili mwalimu wa Namanyere aweze kumsaidia mwenzake wa Laela bila kumngoja fundi kutoka Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Na kazi ya kutunza nakala ya ghala wapewe wanafunzi. Atakayejifunza kulisimamia ghala hatakuwa mtumiaji tu wa kazi za wengine. Yamkini siku moja atafunga kifurushi chake mwenyewe.