Dada, Cheza na Ufurahie



Wiki hii nimetumiwa video moja mara tano kwa WhatsApp. Wamama wa kanisa letu wanacheza voliboli Jumamosi jioni, wanapata pointi ya mwisho, wanarukiana na kupiga nduru. Chini yake swali: "Pasta, hii ni tabia ya mwanamke aliyeokoka?"

Ndiyo. Nimejibu hapa ili nisijibu mara tano.

Tayari dada mmoja amenirudishia jezi. Anasema hataki kumharibia mumewe jina. Hilo ndilo limeniuma.

Mnaniletea 1 Timotheo 4:8, kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo. Faida kidogo, mpendwa, si dhambi. Paulo huyo huyo, katika 1 Wakorintho 9, anatuonyesha wakimbiaji uwanjani na kutuhimiza tukimbilie tuzo. Fungua pia Zakaria 8:5. Mungu anapoahidi kuiponya Yerusalemu, barabara zake zimejaa wavulana na wasichana wakicheza. Wasichana wametajwa. Hawakuwekwa kando kushika koti za ndugu zao.

Wengine mnalegeza kidogo: "Wacheze, bora iwe ni kwa afya, ama kwa kuvuta roho." Nakataa. Mzee anayekesha na mechi ya Arsenal halafu anasinzia Jumapili nikihubiri, nani amemuuliza ni kwa afya gani? Anapenda mpira, basi. Ni mwanamke tu anayedaiwa risiti ya furaha yake.

Mmewahi kuketi pale mkaangalia? Katika voliboli timu ina migusano mitatu, na kwa kawaida mtu mmoja hawezi kuugusa mpira mara mbili mfululizo. Mmoja apokee, wa pili auinue, wa tatu apige. Mama aliyebeba nyumba peke yake tangu Jumatatu, karo, mgonjwa, kodi, hapo anapata mtu wa kupokezana naye. Na mpira wake ukianguka ng'ambo ya wavu, pointi imeingia, hakuna wa kuifuta. Sufuria aliyoosha asubuhi, saa saba ni chafu tena. Wacha apige nduru!

Malkia Strikers wakicheza Olimpiki ya Paris 2024 mlishangilia. Junior Starlets walipofuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka huo huo, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, tulimpa Mungu utukufu. Binti za wengine ni fahari, wetu ni aibu?

Kuhusu mavazi: wanavaa suruali ndefu za mazoezi na fulana. Kama bado unatatizika, soma Mathayo 5 pale Yesu anapozungumzia jicho.

Nitakachokemea ni kumnunia mwenzako aliyekosa mpira mpaka Jumanne. Anajijua.

Jumamosi hii saa kumi wanacheza na wamama wa kanisa jirani, na wanataka kushinda. Wababa, watoto mtakaa nao nyinyi. Mzee uliyenitumia video wa kwanza, nimekuwekea kiti kando yangu.

Na wewe dada, jezi yako namba 7 iko ofisini. Kuja uichukue.