Ramani Isiyo na Mwenye Nyumba

Msichana anapokimbia kisu cha ngariba usiku wa Desemba huko Tarime au Serengeti, dakika ndizo zinazoamua. Gari la kumwokoa lazima lijue njia. Lakini katika ramani za makampuni makubwa vijiji vingi vya huko vilikuwa pori tupu. Faida haikuwapo, wahangaike kwa nini?

Mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map ulianza kuvijaza vijiji katika OpenStreetMap. Watu wa kujitolea wa nchi nyingi walichora barabara na nyumba kutokana na picha za setilaiti. Wananchi wakaongeza majina ya vijiji, zahanati na shule. Shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba salama Mugumu, limeitumia ramani hiyo. Huwekwa katika simu ikafanya kazi pasipo mtandao, na hakuna bwana awezaye kuifunga eti ada ya mwezi haijalipwa.

Wapo wataalamu wanaobeza vitu vya bure. Waulizwe: mwaka 2013 Adobe ilipotangaza kwamba programu zake mpya zitapangishwa tu, mnunuzi alipata nini? Alifanywa mpangaji wa milele. Unyonyaji ni ule ule, mrija ndio mpya.

Kweli, ramani huru nayo hudai jasho: mafunzo, simu, watu wa kuisahihisha. Lakini jasho hilo huacha mali kijijini.

Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huru ya ofisi kwa Kiswahili. Ofisi ngapi ziliipokea?