Tusiwafumulie Kina Mama Uzi Wao

Kuna neno ambalo sisi wanaume wa pwani tumelizoea sana tukikaa barazani, vikombe vya kahawa mikononi: kwamba mwanamke anayeshinda na uzi na sindano ya kroshia ni mtu asiye na kazi. Nami nimelisema neno hilo, tena si mara moja. Leo nataka kulirudi mbele ya wasomaji, kwa kuwa nimeona kosa langu katika nyumba ya umbu langu huko Msambweni, kwa muda wa mwaka mzima, tangu Mfunguo sita hadi Mfunguo sita ya pili.

Mumewe alifariki siku chache baada ya Maulidi. Tukamzika, tukamaliza matanga, wageni wakarudi kwao Vanga, Gazi na Likoni, naye akabaki na eda yake. Kila aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu ajua kuwa eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Lakini kujua hesabu ni jambo moja, na kuzikaa siku zenyewe moja moja ni jambo jingine. Mchana watu huingia na kutoka. Usiku ukiingia, nyumba ikanyamaza, ndipo mtu aonapo upana wa kitanda.

Binti yake alimletea kutoka Ukunda vidonge vitatu vya uzi na sindano ya kroshia. Mama huyu alijifunza kufuma akiwa msichana, zama zile ambapo hapakuwa na sebule isiyokuwa na vitambaa: cha redio, cha meza, na vya migongo ya makochi. Baadaye ikaja plastiki, yakaja mapambo ya dukani, na sindano zikalala masandukuni. Sasa akaishika tena. Kitambaa cha kwanza alikifumua mara saba kwa sababu mkono ulikuwa ukimtetemeka. Cha nane kikakaa.

Hapo maneno yakaanza. Wako waliosema mwenye eda hafai kushika sindano. Ati ni kama kucheza na msiba. Nilikwenda kwa shekhe wetu nikamwuliza. Akacheka kidogo, akaniambia kilichokatazwa ni kujipamba: manukato, hina, wanja, na nguo za mapambo. Kazi ya mikono si pambo. Nikayapeleka majibu hayo kwa umbu langu nikidhani namletea habari. Akaniambia, "Kaka, hayo nilikuwa nayajua. Nikihesabu vitanzi, sihesabu siku." Sikuwa na la kujibu.

Alipotoka edani mwisho wa Rajabu, kazi zake zilikuwa zimejaa kapu: shuka dogo la mjukuu aliyekuwa akitarajiwa, kofia tano za watoto wa chuoni, kitambaa cha meza, na mkoba mmoja wa kwendea sokoni. Mkoba huo ndio uliotuponza. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, watu wamerudi kwenye vikapu na mikoba, na mimi nilipouona ule nikaona fedha. Sikuona saburi iliyomo ndani yake wala usiku alioukesha mwenyewe. Niliona fedha tu. Huu ndio ugonjwa wetu sisi tunaoishi ukingoni mwa mahoteli ya Diani: kila kizuri kinachofanywa na mkono wa mtu wetu, la kwanza tusemalo ni "Peleka kwa watalii."

Basi nikaupeleka mimi. Duka moja, ambalo sitalitaja, likaupenda na kuagiza mikoba 24 kwa shilingi 1,200 kila mmoja. Tukapeana mikono. Karatasi sikuandika. Mimi niliyeketi chuoni miaka yangu yote ya utoto, niliyeisoma Sura ya Baqara mpaka nikaihifadhi, nikasahau kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282, inahusu deni na kuliandika, na kuweka mashahidi. Nilijiambia kuwa mikoba si jambo kubwa. Aya yenyewe yatuonya tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa.

Umbu langu akafuma Shaabani yote. Akafuma Ramadhani, baada ya tarawehe, huku mbaazi za daku ziko jikoni. Stima ikikatika alifuma kwa kandili, maana vidole vilikwisha kuijua njia. Mjukuu akazaliwa katika kumi la mwisho, akafunikwa shuka lake. Mikoba ikamalizika mwisho wa Mfunguo mosi, nikaipakia kwenye matatu hadi Diani. Lakini wakati huo kaskazi ilikwisha kufa, mvua za mwaka zimeanza, wageni wamerudi makwao, na mahoteli yamefunga baadhi ya milango. Mwenye duka akaitazama mikoba, akasema biashara imelala, atatoa shilingi 500 kwa kila mmoja. Nikamkumbusha mapatano. Akaniuliza, "Yameandikwa wapi?"

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina haya. Uzi wa mkoba mmoja ulimgharimu shilingi 300. Wa mikoba 24 ni shilingi 7,200. Mkoba mmoja humchukua saa kumi; yote ni saa 240. Kwa bei tuliyopatana angepata shilingi 28,800, na ukitoa uzi zingebaki 21,600, yaani shilingi 90 kwa saa. Si utajiri, lakini ni kitu. Kwa bei ya 500 angepata shilingi 12,000, na ukitoa uzi zingebaki 4,800. Hizo ni shilingi 20 kwa saa. Ni nani kati yetu sisi wa barazani anayeweza kuinamisha shingo saa nzima kwa shilingi 20?

Nami, kwa aibu nasema, nilimshauri azipokee. Nilimwambia nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili. Jirani akatoa shauri jingine: aifumue mikoba, auze uzi. Hapo ndipo aliponitazama na kunikumbusha Sura ya Nahli, aya ya 92, ambamo Mwenyezi Mungu anawakanya wanaovunja viapo wasiwe mfano wa yule mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. "Aliyefumua si mimi," akasema. "Aliyefumua ni aliyevunja neno. Mimi sitamsaidia."

Akaichukua mikoba akaiweka ndani. Mmoja akampa mwanamke aliyemsaidia siku za matanga. Mwingine akampa mkunga. Iliyobaki akawauzia wanawake wenzake wa Msambweni na Ukunda kwa bei ile ile ya 1,200, kwa malipo ya kidogo kidogo, kila mwezi shilingi mia tatu. Na safari hii ameandika: yuko na daftari, jina la kila mtu na alicholipa. Ilipofika Idi ya Mfunguo tatu ilikuwa imebaki minne. Hajapata fedha zote mpaka leo, lakini hakuna aliyemwuliza yameandikwa wapi.

Sasa nayasema niliyokusudia kuyasema. La kwanza, kroshia si kazi ya mtu asiye na kazi. Viwandani kuna mashine za kufuma sweta na soksi, lakini kroshia ya kweli mpaka leo hufumwa kwa mkono. Vingi vinavyotoka mashineni ni vya kufanana nayo tu. Kwa hiyo ukikiona kitambaa cha kroshia dukani kwa bei ya kutupa, jua kwamba pahali fulani duniani yuko mtu aliyeinama saa nyingi akalipwa pungufu. Katika Ireland, njaa kubwa ya viazi ilipowakumba watu kuanzia 1845, ziko nyumba zilizopata chakula kwa vitambaa vya kroshia vilivyofumwa na wanawake. Mwaka 1997 mwalimu mmoja wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Daina Taimina, alitumia kroshia kuwaonyesha wanafunzi umbo ambalo karatasi ilishindwa kulionyesha vyema, umbo linalojikunja na kupanuka kama matumbawe. Na kuanzia 2005 Margaret na Christine Wertheim, dada wawili walioanzia kazi hiyo Los Angeles, wamekuwa wakiwakusanya watu kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa uzi, ili walimwengu waione hasara ya bahari zinazopata joto. Sisi tulioona matumbawe yetu yakigeuka meupe na kufa mwaka 1998 twaijua hasara hiyo bila ya kuelezwa. Je, hiyo ni kazi ya mtu asiye na kazi?

La pili, si kila kinachofumwa ni cha kuuzwa. Lile shuka la mjukuu halina bei. Wala zile kofia tano, ambazo watoto walizivaa siku ya Maulidi ya Mfunguo sita, mwaka ulipotimia. Mwenzetu anapofuma kwa raha ya nafsi yake, au kwa kuliwaza moyo wake, tumwache. Tusimwingilie na "ungepata pesa ngapi". Mimi nilimwingilia, na kwa miezi mitatu nikaigeuza liwazo yake kuwa mzigo. Alinikiri baadaye kwamba katika mikoba ile 24 hakuna hata mmoja alioufurahia kama ule wa kwanza.

La tatu, anayetaka kuuza na auze, wala hapana aibu. Masimulizi ya hadithi yatueleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaambia wakeze kuwa wa mwanzo kumfuata atakuwa mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakapimana mikono. Kumbe alikuwa Bibi Zainabu binti Jahshi, aliyekuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kuitoa sadaka. Urefu uliokusudiwa ulikuwa wa ukarimu. Na Mtume mwenyewe imepokewa kuwa alikuwa akishona nguo yake na viatu vyake nyumbani. Basi sisi wa barazani tunaodhani sindano humpunguzia mtu uungwana, uungwana wetu tumeutoa wapi?

Lakini auzapo, haki yake ilindwe. Mtume ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka. Mwenye kuagiza na aandike: idadi, bei, na siku ya kupokea. Atoe na arubuni ya uzi, ili hasara ya msimu isimwangukie mfumaji peke yake. Mwenye duka ajua kama sisi kwamba mwezi wa nne wageni huondoka. Hilo si ajali, huja kila mwaka na mvua zake. Nasi kaka na wana, tunaopenda kujitia udalali wa kazi za kina mama, ama tusimame mpaka mwisho au tusijitie.

Juzi nilikwenda kumzuru. Alikuwa uani, mjukuu kalala kwenye jamvi, naye ana uzi wa buluu mapajani. Nikataka kumwuliza anafuma nini na ni cha nani. Nikajizuia. Nikaketi, akanimiminia chai, tukazungumza habari nyingine mpaka adhana ya magharibi.