Kulala kwenye gari ili kuokoa kodi: piga hesabu kabla hujakunja siti



Wiki hii dada mmoja anayeuza magauni na nguo za watoto mtandaoni kanitumia ujumbe inbox. Nimemwomba ruhusa niulete hapa, kakubali ila bila jina. Kodi yake inaisha mwisho wa mwezi. Analipa 250,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,500,000. Hela anayo. Shida ni kwamba hela hiyo hiyo ndiyo mtaji wake wote. Ana RAV4 ya zamani, ile fupi. Swali lake: "Admin, nikirudisha chumba, nikalala kwenye gari miezi mitatu mtaji ukiendelea kuzunguka, nitakuwa nimekosea?"

Najua kuna watakaocheka. Mimi sicheki, kwa sababu nimelala kwenye Escudo wiki 11 hapa hapa Dar, nikiuza magauni kama yeye. Wateja wangu hawakujua. Mama yangu hakujua.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiye na muda aondoke nao: kulala kwenye gari siyo aibu, lakini kwa muuzaji wa mtandaoni ni mpango mbovu mara nyingi, na hata ukiwa mzuri uwe wa wiki chache wenye tarehe ya mwisho. Sasa nielezeni nilivyofika hapo, maana kusema "usifanye" bila hesabu ni kazi rahisi.

KODI UNAYOOKOA NA KODI UNAYOENDELEA KULIPA

Ukitoka kwenye chumba unadhani umeacha kulipa kodi. Hujaacha. Unailipa vipande vipande kwa watu wengi.

Daftari langu la wakati ule lilikuwa hivi kwa siku: choo na kuoga 2,000. Mlinzi wa mahali ninapoegesha usiku 3,000. Chakula cha nje, ile nyongeza tu juu ya ambacho ningetumia nikijipikia, 4,000. Mafuta ya kuhama hama na kuwasha AC kidogo joto likizidi, 3,000. Jumla 12,000 kwa siku. Zidisha kwa siku 30, ni 360,000.

Chumba changu nilichokuwa nimekikimbia kilikuwa 200,000.

Nilishangaa kama unavyoshangaa wewe. Sikuigundua mpaka wiki ya tano, kwa sababu buku mbili hapa na buku tatu pale haziumi kama milioni na nusu ya mara moja.

Tuwe wa haki lakini. Ukipata pa kuegesha bure, kwa mfano uani kwa ndugu, na ukaacha kabisa kuwasha injini usiku, zinabaki 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi. Kwa dada yetu mwenye kodi ya 250,000, ameokoa 70,000 kwa mwezi. Miezi mitatu, 210,000. Hiyo ndiyo bei ya kulala miezi mitatu umekunja magoti.

HOJA YENYE NGUVU YA DADA

Atasema: "Admin, mimi siokoi kodi, mimi naokoa mtaji usifungwe." Na hapo ana hoja. 1,500,000 ikilala kwa mwenye nyumba haizai kitu. Ikienda Kariakoo ikarudi na faida ya asilimia 20, ni 300,000 kwa mzunguko mmoja. Ukizungusha mara mbili kwa mwezi, ni 600,000. Ukiangalia hivyo, kulala kwenye gari kunaonekana ndiyo akili.

Hata mimi ndiyo hesabu iliyonitoa chumbani. Ila ina sharti moja lisiloandikwa: kwamba utauza vile vile kama ulivyokuwa unauza ukiwa na chumba. Sharti hilo ndilo lililovunjika kwangu.

GARI LINAVYOKULA MAUZO

Kwanza, harufu. Usiku kucha unapumua ndani ya gari lililofungwa, asubuhi vioo vimelowa kwa ndani. Unyevu huo hauishii kwenye vioo, unaingia kwenye mzigo. Mimi nilikuwa nimepanga marobota ya magauni nyuma, juu yake godoro jembamba. Siku moja mteja wangu wa siku nyingi alirudisha gauni. Akaniandikia kwa upole kabisa: "Kaka, hili gauni linanukia kama mtu kalilalia." Na kweli, nilikuwa nimelilalia. Nilimrudishia hela yake yote. Hakununua tena kwangu, na sikuwa na la kumwambia.

Pili, simu. Duka lako ni simu. Betri ya gari dogo ni ya kuwashia injini, haikutengenezwa kuchaji simu, taa na feni usiku mzima. Ukiinyonya, asubuhi gari haliwaki, na mzigo wa mteja wa mkoani unatakiwa uwe stendi ya Magufuli kule Mbezi kabla basi halijaondoka. Ilinitokea mara mbili. Mara ya pili nilimlipa fundi aje kuniwashia, na mzigo ukachelewa siku nzima.

Tatu, picha. Gauni linahitaji ukuta safi, mwanga wa dirishani na pa kutundika. Nilipiga picha nimetundika magauni kwenye mlango wa gari. Maswali ya bei yakapungua, na anayeuliza bei ndiye mnunuzi wa kesho.

Nne, lile swali. "Duka lenu lipo wapi, nije kuona?" Zamani nilikuwa najibu "nauzia nyumbani, njoo mpaka kituoni nikupokee." Nikiwa kwenye gari nilianza kukwepa. Mteja akinusa kwamba unakwepa, anadhani wewe tapeli. Watu wameshalizwa sana mtandaoni, hawana muda wa kuchunguza kama wewe ni tapeli au ni mtu asiye na chumba.

Tano, wewe mwenyewe. Usingizi wa gari siyo usingizi. Kila kishindo unaamka. Baada ya wiki tatu nilianza kujibu wateja vibaya. Anayeuliza "mwisho bei gani" nilimwona adui.

VIDEO ZA WAZUNGU ZISIKUDANGANYE

Wazo hili wengi tunalitoa YouTube. Unaona mtu Marekani kakunja siti za nyuma, kaweka godoro, pazia, jiko dogo la gesi, anakunywa kahawa anaangalia milima. Unasema mbona inawezekana.

Kule inawezekana, lakini tazama wanavyoishi kweli. Bob Wells, mwenye chaneli ya CheapRVliving ambaye amefundisha wengi maisha hayo, mwenyewe alianza mwaka 1995 kwa sababu ndoa ilivunjika na mshahara ukawa hautoshi kulipa kodi. Mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu Nomadland mwaka 2017 kuhusu watu hao, kikatengenezwa filamu iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Wengi kwenye kitabu kile ni watu wazima ambao pensheni haiwatoshi. Baadhi walikuwa wanafanya kazi za msimu kwenye maghala ya Amazon, wakipanga na kufungasha mizigo iliyonunuliwa mtandaoni, usiku wanarudi kulala kwenye magari yao.

Wenzetu wale wana ardhi ya serikali jangwani ambako sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga kambi bure mpaka siku 14, halafu unahama. Wana gym za saa 24 ambako unalipia kadi ya mwezi na kuoga humo. Kubwa zaidi, kipato chao hakitegemei wamelala wapi. Pensheni inaingia. Ghala linalipa kwa saa. Hakuna mteja anayewauliza duka liko wapi, wala hawana magauni ya kuloweshwa na pumzi zao.

Wewe muuzaji hela yako inatoka kwenye mzigo mkavu, simu yenye chaji na mteja anayekuamini. Ndiyo maana huwezi kuiga maisha yao hivi hivi.

KAMA IMEBIDI KABISA

Kuna wakati hakuna namna. Umefukuzwa leo, ndugu hayupo, gari lipo. Basi fanya hivi:

1. Mzigo usilale na wewe. Omba kona kwenye fremu ya mwenzako, mlipe hata 30,000 kwa mwezi. Ukipoteza vyote usiku mmoja, umebaki na nini?

2. Injini izimwe unapolala, hasa ukiwa ndani ya banda, gereji au sehemu iliyozibwa. Moshi wa gari una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akiwa usingizini. Jiko la mkaa ndani ya gari ni vile vile, hata likiwa limebaki majivu ya moto.

3. Acha vioo viwili wazi upana wa kidole, kimoja kila upande, na uweke neti. Joto na mbu wa Dar wote wanakungoja.

4. Egesha penye mlinzi anayekujua na taa. Pua ya gari itazame njia ya kutokea, ufunguo uwe karibu na mkono. Watu wawili unaowaamini wajue ulipo kila usiku. Kwa dada zangu hili ni lazima.

5. Chaji simu na power bank mchana unapoendesha, usiku tumia power bank peke yake.

6. Jua bima yako. Ile ya mtu wa tatu haikulipi gari lako likiibiwa. Hata ile kubwa, usidhani inalipa mzigo wa biashara uliomo ndani. Uliza kwanza.

7. Andika tarehe ya kutoka na kiasi unachotafuta. "Natoka tarehe 30 au nikifikisha laki tatu, lolote litangulie." Bila hivyo wiki mbili zinakuwa 11, kama zangu.

SASA DADA YANGU

Ningekuwa wewe ningeanza kwa mwenye nyumba, tena ana kwa ana, siyo kwa simu. Mwambie una miezi mitatu mkononi na mitatu utamalizia kwa tarehe fulani, muandikishane. Mpangaji asiyesumbua ana thamani kuliko unavyodhani, maana chumba kikikaa wazi mwezi mzima na yeye anapoteza.

Akikataa, hama mbali. Chanika, Kivule, Mbagala ndani ndani huko, ukitafuta vipo vyumba vya 50,000 mpaka 70,000, na wapo wenye nyumba wanaopokea miezi mitatu. Tuseme 60,000 mara tatu, ni 180,000. Ongeza mwezi mmoja wa dalali, 240,000. Umebakiwa na 1,260,000 ya kuzungusha, una ukuta wa kupigia picha na mlango unaofungwa kwa ndani. Gari unalo, umbali hautakuua, ingawa mafuta yaingize kwenye hesabu.

Na kuna la tatu ambalo hukuliuliza. Unataka kulala ndani ya gari ili kulinda mtaji wa 1,500,000, wakati gari lenyewe, hata ukiliuza kwa bei ya hasara, litakupa zaidi ya hiyo mara kadhaa. Najua inauma. Gari ni heshima, umelihangaikia. Ila jiulize: kwa mwezi linakuingizia shilingi ngapi ambazo bodaboda asingekuingizia? Kama jibu ni dogo, basi ulichonacho siyo upungufu wa mtaji. Mtaji umeegeshwa nje.

Mimi niliuza Escudo wiki ya 12. Nililia kidogo, sitaki kudanganya. Nikapanga chumba kimoja chenye dirisha kubwa, nikaanza upya na magauni yasiyonuka.

Uamuzi ni wako, na mwisho wa mwezi uko karibu. Wapambanaji wengine, dada anasoma hapa. Aliyewahi kupita njia hii aandike hapo chini alichojifunza, hata kama ananipinga. Mwenye chumba cha bei nafuu anachokijua naye aandike.